Nesi Aliyeuliza "Nani Kasema?"

Wapendwa, kabla hatujafungua somo la leo, niwape habari ya binti mmoja. Tumwite Nakijwa. Alikuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu, anasomea afya ya jamii, na kule chuoni kwao humalizi mpaka ufanye utafiti wako mwenyewe. Wenzake walichagua malaria, wengine maji machafu. Yeye akachagua kijiji chao kule milimani, na swali lake lilikuwa hili: kwa nini wanawake wa pale wanajifungulia nyumbani, na zahanati ipo?

Maana zahanati ilikuwepo, tena nzuri. Ina vitanda, ina maji, dawa hazikosekani sana. Na nesi yupo. Nesi mwenyewe ni nani? Mama yake Nakijwa. Mama wa kanisani, wa kwaya, mkarimu. Ukifika kwake hutoki bila kula. Kazi yake ya unesi ndiyo iliyomsomesha huyo binti.

Basi Nakijwa akazunguka nyumba kwa nyumba. "Shikamoo mama. Mtoto wako wa mwisho ulijifungulia wapi? Kwa nini hukwenda zahanati?" Huyu akasema mvua ilinyesha. Yule, uchungu ulimjia ghafla. Mwingine, mama mkwe alikataa. Wengi walisema ni mbali. Binti anaandika tu.

Siku moja akafika kwa mama mmoja aliyekuwa barazani kwake anachambua maharage. Naye akajibu vilevile: "Ni mbali, mwanangu."

Nakijwa akacheka. "Mbali wapi, mama? Si bati lake lile naliona kutoka hapa?"

Yule mama hakucheka. Akaweka ungo chini. "Wewe ni mtoto wa nesi. Unataka nikwambie nini?"

"Niambie kama ungemwambia mgeni. Jina lako sitalitaja popote, nakuahidi."

Mama yule akasema, "Mtoto wangu wa kwanza nilimzalia pale. Uchungu uliponizidi nikalia. Mama yako akasema, mbele za watu, 'Kelele za nini? Wakati unaitafuta hiyo mimba ulilia?' Watu wakacheka. Nikazaa nimejiziba mdomo kwa kanga. Mimba ya pili ilipotimia nikasema, heri nife hapa kwangu. Mimi sikufa. Mtoto ndiye aliyekufa."

Mnasikia, ndugu zangu? Bati la zahanati analiona, na mtoto akafa.

Nakijwa alirudi nyumbani. Afanye nini? Aandike mvua na umbali, ahitimu, mama aendelee kuheshimika? Nani angejua? Akamkuta mama yake jikoni anampikia makande, maana alijua binti anayapenda. Akasimama mlangoni, akamweleza yote isipokuwa jina. "Mama, wanawake hawaji zahanati kwa sababu unawatukana. Yupo mmoja alizalia nyumbani kwa kukuogopa, mtoto akafa."

Ninyi mngetegemea mama aseme nini? "Mungu wangu"? "Mtoto gani huyo"? Mama aligeuka, mwiko mkononi, akauliza, "Nani kasema?"

"Siwezi kumtaja, mama."

"Ni yule mke wa fundi seremala! Nilimwambia kidogo tu siku ile, akanuna. Au yule msichana wa bondeni, aliyekuja na nguo chafu nikamrudisha. Kama si huyo, ni mkwe wa mwenyekiti. Yule alitaka kunipanda kichwani, nikamnyoosha. Au yule mwalimu wa chekechea..."

Nakijwa akamwacha amalize. Kisha akasema, "Mama, hao wote umewataja wewe. Aliyeniambia hayumo."

Mama akakaa chini, palepale juu ya gunia la mahindi. Makande yakaanza kuungua, hakuna aliyeyaepua. Baada ya muda akasema, "Nilikuwa peke yangu, mwanangu. Usiku na mchana peke yangu. Nilichoka." Na ilikuwa kweli, jamani, tusimwonee. Alikuwa anafanya kazi ya watu watatu. Lakini uchovu wake haukuweza kumrudisha yule mtoto.

Binti aliandika utafiti wake kama alivyosikia. Na mama? Alimbembeleza bintiye amtajie yule aliyefiwa, aende akamwombe radhi. Nakijwa akakataa, alikuwa ameahidi. Basi ikambidi mama abishe hodi kila mlango. Kwa mke wa fundi. Bondeni. Hata kwa watu ambao hakukumbuka aliwakosea nini. Wengine walimpa kigoda, wengine walimwacha amesimama uani mpaka akaondoka. Alipofika kwa yule mama wa maharage, alisikilizwa mpaka mwisho. Kisha mwenye nyumba akainuka, akamwambia, "Twende huku nyuma nikuonyeshe alipolala." Wakaenda wote wawili.

Sasa sisi. Tukiambiwa kwamba tunaumiza watu, swali letu la kwanza huwa ni lipi? Baba akiambiwa watoto hunyamaza akiingia ndani, mzee wa kanisa akiambiwa vijana wameacha kuja kwa sababu ya maneno yake, tunatafuta nini? Tunatafuta mdomo uliosema. Tukiupata tunapumua: "Aa, huyo! Huyo ana chuki na mimi." Tunaondoka tumeshinda kesi, na aliyeumia yuko palepale, kanga mdomoni.

Wiki hii huenda mtu akakuletea habari yako usiyoipenda. Huenda akawa mwanao mwenyewe, na atakuwa ametetemeka njia nzima. Usimuulize nani kasema. Muulize nani ameumia. Kisha vaa viatu uende.