Bwawa la Naetwe

Hapo zamani, wakati kila bonde la Upare lilikuwa na chemchemi yake, aliishi mjane aliyeitwa Naetwe. Hakujaaliwa mtoto. Alichokuwa nacho ni bwawa dogo alilolichimba na marehemu mumewe kwa jembe na kikapu, wakalizungushia tuta la udongo, wakatia perege ndani yake. Lilikuwa dogo hata mwanamke mzee aliweza kurusha jiwe likavuka ng'ambo. Lakini kijiji kizima kilipata kitoweo humo, na Naetwe alilijua kama mpishi ajuavyo chungu chake.

Mwaka mmoja mvua zilinyesha kupita kiasi, na zilipokatika perege wakaanza kupungua. Kisha akatoweka bata wake mmoja. Bata wa pili alitoweka Naetwe akiangalia: maji yalifunuka, yakajifumba, bata hayupo. Akajua kambare ameingia, tena si kambare wa kuenea chungu kimoja. Watu wakaleta nyavu, akazipasua. Wakaleta migono, ile mitego ya fito, akaivunja.

Naetwe akasimama juu ya tuta mbele ya majirani.

"Atakayeniokolea bwawa hili," alisema, "atavua humu apendavyo, na nikifa litakuwa lake."

Akaja Mbonea, mchunga mbuzi, aliyekuwa akinywesha wanyama wake pale kila siku. Akaeleza kwamba kambare analala chini ya mizizi ya mkuyu, na kwamba hupanda kuvuta pumzi mahali palepale, umande unapoanza kukauka. Naetwe akaenda kutazama. Akaona povu, akaona na mgongo mweusi.

Akaja Senzige, mvuvi wa ndoana. Akasokota kamba ya katani, akachagua ufito usiovunjika, akatia chura kwenye ndoana. Akampitisha chura kando ya mizizi, akamtuliza, akamtikisa kidogo, akamtuliza tena. Waliokuja kutazama walichoka wakarudi mashambani. Senzige hakuchoka. Asubuhi moja kambare alipanda, akameza.

Maji yalichafuka. Kambare akavuta, Senzige akavuta. Kambare akakimbilia mizizi, Senzige akamzuia, akikita visigino kwenye tuta lililolowa. Watu wakaja mbio kutoka mashambani. Hatimaye samaki alitua majanini, mrefu kama mtu, na wote wakamzunguka kumshangaa. Pale visigino vilipokuwa vimechimba, tuta likatumbuka.

Maji yakaanza kukimbilia bondeni, na perege waliosalia wakaenda nayo. Aliyegeuka kutazama alikuwa Nanzia peke yake, mwanamke mwenye shamba chini ya bwawa. Hakuwa na jembe wala gunia. Alijilaza kwenye ufa, akauziba kwa mgongo wake, akaita watu walete udongo. Wakashindilia udongo kumzunguka hadi maji yakatulia. Alipotolewa alikuwa akitetemeka, mgongo umechunika.

Kambare akapikwa, kijiji kikala kikashiba. Naetwe akawaita watatu wale juu ya tuta, kila mmoja aseme lake.

"Ndoana haina macho, Bibi," alisema Mbonea. "Macho yake nilikuwa mimi."

Senzige akasema kujua shimo la nyoka si kumuua nyoka. "Bila mkono wangu, angekuwa bado anakula bata wako."

"Kambare alikuwa anakula kidogo kidogo," alisema Nanzia. "Ufa ungemaliza vyote kwa mara moja. Na Bibi hakusema atakayemvua kambare. Alisema atakayeliokoa bwawa."

Senzige akamuuliza ni nani aliyechimba mfereji kutoka mtoni hadi bwawani kabla ya mvua zile, ili maji yazidi na kumfikia shambani. Kambare aliingilia wapi kama si humo? Nanzia hakukana. Lakini naye akauliza visigino vilivyobomoa tuta vilikuwa vya nani.

Mbonea alikuwa akitabasamu. Naetwe akamgeukia.

"Mwanangu, ulijua lini habari za mkuyu?"

"Kabla ya bata wa kwanza, Bibi."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuwa umeniuliza."

Mtu mmoja akashauri bwawa ligawanywe. Naetwe akakataa. Bwawa lile likikatwa mara tatu, alisema, litakuwa matope matatu. Akawatazama mmoja mmoja bila haraka, mikono kiunoni, kama alivyokuwa akitazama maji yake kila asubuhi. Kisha akataja jina moja, na hakulibadili mpaka siku alipozikwa.

Jina hilo ninalo, lakini silitoi kabla sijayasikia yenu. Mmoja aliona akanyamaza mpaka alipoahidiwa. Mmoja alivua akabomoa. Mmoja alimfungulia adui njia, kisha akaziba ufa kwa mwili wake. Haya, semeni: lau mngekuwa ninyi Naetwe, bwawa mngemwachia nani?