Pimbi Mwenye Maranda Masikioni

— Hadithi iko mlangoni!
— Ifungulieni iingie!
— Ina matope miguuni!
— Iingie hivyo hivyo!

Haya, imeingia. Sogeeni. Wewe uliyejitanua kama umelipia mkeka peke yako, msogelee mwenzako. Hajaoga, lakini ni ndugu.

Hapo kale, wala si kale sana, maana mafaili ya kaki yalikwishaanza kuuzwa, alikuwepo Pimbi. Mnamjua Pimbi: mdogo, wa mviringo, mkia hana, makazi yake kwenye mawe. Pimbi alimaliza shule akatafuta kazi. Akaenda kwa Tembo. "Hatuna nafasi." Akaenda kwa Twiga. "Hatuna nafasi," na Twiga hakuinama hata amwone anayeongea naye. Akaenda kwa Mbuni. "Una uzoefu wa miaka mitano?" Jamani! Pimbi mwenyewe alikuwa na miaka miwili.

Akarudi jiweni kuota jua. Na ubaya wa jiwe ni kwamba ukikaa juu yake bila kazi, bonde zima linakuona.

Jioni moja mama yake alimuuliza, kwa upole kabisa, "Leo vipi, mwanangu?" Upole ule ulimchoma kuliko tusi. Pimbi akasikia mdomo wake unasema, "Nimepata, mama. Ni karani."

Mama akapiga vigelegele! Bonde likasikia. Sasa utaurudisha vipi uwongo uliokwishapigiwa vigelegele?

Tangu siku hiyo, kila asubuhi Pimbi alichomekea shati, akabana faili kwapani, akaondoka. Kila asubuhi mama alimega muhogo: kipande kikubwa cha Pimbi, kidogo chake mwenyewe. "Kula, baba. Kazi ya kichwa inachosha." Pimbi alikitafuna kile kipande kama anatafuna kokoto.

Njiani nako anakutana na Mama Kanga, jirani yao. "Karani! Karani wetu! Mfikirie na mwanangu huko ofisini kwenu!"

"Nitaangalia, mama," Pimbi anajibu, macho chini, masikio yanawaka.

Kisha anajificha nyuma ya kichuguu hadi jioni. Hiyo ndiyo ofisi.

Siku ya tatu ya ukarani huo akasikia: ko-ko-ko! Ko-ko-ko! Akachungulia. Ni Fundi Kigogota, amekaa kwenye gogo, anafundisha vijana useremala. Fundi hakumuuliza jina. Alisema, "Wewe mwenye faili, weka hilo takataka chini, unishikie huu ubao."

Akaushika. Kesho akashika msumeno: kwaru-kwaru! Kesho kutwa akashika randa: shwaa-shwaa! Kiti chake cha kwanza kilisimama kwa miguu mitatu, na mguu wa nne ulikuwa unasalimia watu. Fundi akamwambia, "Rudia." Akarudia. Miezi tisa alirudia, mpaka akatengeneza mlango unaofungwa kwa kidole, na Fundi akampa mkono.

Lakini nyumbani je? Ataanzaje kusema? Kwa hiyo kila jioni alijikung'uta, puku-puku-puku, maranda ya mbao yakamdondoka, akachomekea shati, akarudi kuwa karani.

Ndipo Kiboko akatangaza: "Natafuta fundi wa mlango wa ghala!"

Kiboko huyo ndiye tajiri wa bonde, na tumbo lake lilikuwa linamtangulia hatua mbili. Pimbi akachukua mfuko wake wa vifaa akaenda. Njiani akakutana na Tumbili, amejiinamia.

"Rudi, mdogo wangu," Tumbili akamwambia. "Hapo kuna siku ya majaribio. Unafanya kazi bure, halafu anakutafutia kasoro, anasema, 'Umejitahidi, lakini bado kidogo. Nenda, tutakuita.' Mimi nimeezeka paa zima. Ngiri kachimba msingi wote. Mchwa na ukoo wake wamejenga ukuta kutoka chini mpaka juu. Sote tunasubiri kuitwa. Na mke wangu nilishamwambia nimeajiriwa."

Pimbi akamtazama. Alizijua haya zile; ni zake mwenyewe, zimevaa ngozi ya Tumbili. Akasema, "Kaka, waite wenzako. Mje pale jua likiwa kichwani."

Akafika. "Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Mbona mfupi hivyo? Mlango utaufikia?"

"Nimekuja na kigoda, bosi."

Pimbi akachungulia ghalani. Magunia ya mtama yamepangwa hadi darini, yameegemeana kama walevi. Akauliza swali ambalo kila fundi huuliza: "Mlango ufungukie nje au ndani?"

"Kuna tofauti gani?"

Tofauti anaijua mwanafunzi wa wiki ya pili: ghala lililojaa, mlango hufungukia nje. Pimbi akakuna sikio. "Wanyonge milango yao hufungukia nje, bosi. Wanavuta kwa mikono. Ya wakubwa hufungukia ndani. Mkubwa akifika, anasukuma kwa tumbo tu, anapita."

Kiboko akalipapasa tumbo. "Ndani!"

Kwaru-kwaru! Shwaa-shwaa! Ko-ko-ko! Fremu ya mninga, mlango wa mninga, bawaba tatu. Jua likafika kichwani, na wale wengine wakafika, wakasimama kando. Kiboko akauzunguka mlango, akavuta pumzi. "Umejitahidi, lakini ba..."

"Bosi, kabla hujamaliza! Uujaribu kwanza. Ingia, ubamize kwa nguvu zako zote. Ukipasuka, mimi sifai."

Kiboko akafurahi. Alikuwa anatafuta kasoro, na sasa ameruhusiwa kuitengeneza mwenyewe! Akaingia. Akaushika mlango. BAAA!

Mlango haukupasuka. Ila magunia, bu! bu! bu-bu-bu! yote yakaporomoka, yakalala nyuma ya mlango.

Kiboko akauvuta mlango.

"Pimbi."

"Naam, bosi."

"Hauvutiki. Magunia yameuziba."

"Basi usukume."

PU! PU! Fremu wala haikukohoa.

"Vunja ukuta, bosi," Pimbi akasema. "Si ulimwambia Mchwa umepinda?"

PU! Ukuta kimya.

"Pita juu. Si ulimwambia Tumbili paa ni bovu?"

Gu! Kichwa kikarudi na nundu.

"Chimba chini basi, maana Ngiri alifanya ovyo."

Krr-krr-krr... Kucha zikagota kwenye mawe.

Pimbi akapanda kigoda, akapitisha bisibisi kwenye dirisha la ghala, dogo lisiloweza kupitisha tumbo la Kiboko. "Bawaba ziko upande wako. Fungua skurubu, mlango utalegea wenyewe. Kazi ndogo."

Wakasikia kitu kinadondoka. Kinaokotwa. Kinadondoka tena. Kisha sauti ndogo sana, huwezi kuamini imetoka kwenye tumbo lile: "Pimbi... hii inashikwa upande gani?"

Tumbili alikuwa amejiandaa kucheka, akashindwa. Wote waliijua sauti ile. Ni sauti ya mtu aliyesimama mlangoni kwa mwenzake na faili mkononi.

Lakini Pimbi ni Pimbi. Akasema, "Umejitahidi, bosi, lakini bado kidogo. Tutakuita."

Hapo walicheka mpaka Ngiri akakaa chini!

"Dawa ni moja," Pimbi akaendelea. "Toa magunia dirishani mpaka mlango upate pa kufungukia. Kila gunia, mtaje aliyekufanyia kazi, na useme kazi yake ikoje."

Gunia la kwanza, pu! "La Mchwa. Ukuta... mzuri." Pu! "La Ngiri. Msingi imara." Pu! "La Tumbili. Paa... hilo paa limeniumiza, ni zuri mno." Yakatoka, yakatoka, hadi mlango ukafunguka, tena bila kulia hata kidogo.

Kelele zile zilikwishaita bonde zima. Mama Kanga akapenya mbele. "He! Huyu si karani wetu?"

Na nyuma ya Mama Kanga alisimama mama yake Pimbi.

Pimbi hakuwa na kichuguu cha kujificha. Randa mkononi, maranda masikioni, jasho mpaka puani. "Mama," akasema, akiangalia vidole vya miguu, "mimi si karani. Sijawahi."

Mama akamtoa maranda sikioni. "Shati lako anafua nani? Miezi tisa natoa maranda mfukoni. Niliona haya kukuuliza, nawe uliona haya kuniambia. Tumekaa tunatafuna muhogo na haya zetu." Akaufunga ule mlango kwa kidole. Akaufungua. Akaufunga tena. Vigelegele alivyopiga, mpaka leo Mama Kanga analalamika sikio.

— Hadithi imetoka!
— Tumeona mgongo wake!
— Imeacha nini?
— Matope!

Na imeacha funzo, wanangu, mlishike. Msijifunze ufundi! Ufundi unachafua masikio. Kaeni juu ya jiwe, faili kwapani, muote jua, msubiri kuitwa.

Kiboko? Ukipita jioni kwa Fundi Kigogota, utamwona nyuma ya kichuguu, tumbo limejitokeza pande zote mbili, anajikung'uta maranda. Amemwambia mkewe ana kikao.