Maji ya Kuoga ya Baba

Akina mama, anayenyonyesha anyonyeshe, anayebembeleza abembeleze, ila masikio nipeni mimi kidogo.

Palikuwa na nchi imefiwa na mfalme, naye ameacha wana wawili. Wazee wakawasimamisha uwanjani, wakawauliza, "Jirani akitukosea, utafanyaje?" Wa kwanza akasema, "Nitalala kwanza, asubuhi nitamuuliza ana nini." Jamani, watu walicheka hadi wakashika mbavu. "Huyu mvisheni kanga!" Wa pili akasema, "Mimi nikiinua mkuki siushushi." Hapo vigelegele! Na aliyepiga cha kwanza alikuwa dada mmoja kijana, mjamzito, mumewe kando anamtazama kwa fahari.

Haukupita muda. Mfalme huyo mpya alikwenda harusini ng'ambo ya mlima, na mtawala wa kule hakuinuka kumwamkia. Basi, ni hilo tu, hakuinuka! Vijana wakapangwa mistari, wakavuka mlima kwenda kupigana, na mume wa yule dada akiwemo, hata mwanawe hajamwona.

Dada akabaki na desturi yake. Kila jioni anabandika maji ya mumewe ya kuoga, anayapeleka bafuni na sabuni na taulo, kisha anakaa kizingitini kusikiliza kama kuna kikohozi chake njiani. Alikijua kikohozi kile kati ya vikohozi vyote vya dunia. Mtoto akitia mkono ndooni, anaambiwa, "Acha, ya baba hayo." Maji yakipoa, anaogeshwa yeye. Mtoto akaota meno, akasimama dede, akaanza kusema, na ile ndoo akawa anaiita "baba".

Siku moja zikaja habari: mtawala wa ng'ambo ameomba radhi, ametuma wazee na fahali mweupe. Dada akamfunga mtoto mgongoni, akakimbia, kitambaa cha kichwa kikaanguka, hakukiokota.

"We dada, kwa mfalme huingii kama unaingia sokoni," mlinzi akasema.

"Kaka, nipishe. Na wewe kuna anayekusubiri."

Mlinzi akasogea. Dada akapiga magoti mbele ya kiti. "Baba, si ameshaomba radhi? Warudishe."

Mfalme akasema taratibu, "Hata mimi natamani, binti yangu. Lakini nikishusha mkuki leo, kesho mtaniitaje?" Akamtazama sana. "Kigelegele cha kwanza siku ile, si kilikuwa chako? Na ndugu yangu aliyesema atauliza kwanza, mlimpa nini?"

Dada akainuka. Alirudi nyumbani, akabandika maji.

Sasa sisi. Tunalia kwamba wakubwa wanawapeleka watu wetu kwenye vita vya mbali kwa hasira zao, na kweli wanawapeleka. Lakini hizo hasira nani alizishangilia zingali changa? Mtoto akirudi amempiga mwenzake, si tunasema, "Dume hilo!" Akisema, "Nimemwomba msamaha," si tunamuuliza kama ni mwoga? Halafu akikua akakalia kiti, tumwombe ashushe mkuki, atakuwa amejifunza wapi?

Leo ukifika nyumbani, mwanao akikwambia amepatana na mwenzake, mpigie kigelegele, mama. Kipige kwa nguvu, kifike ng'ambo ya mlima. Kuna maji yanapoa huko bafuni, na kuna mtoto anaita ndoo baba.