Taa ya Chumba cha Kujifungulia

Taa kuzimika si umeme kuondoka. Mmemsikia shangazi yenu akiisema, nanyi mkacheka: eti methali gani hii, wazee wetu umeme waliutoa wapi? Chekeni tu. Kwani methali zote zilishuka na mvua? Hii ilizaliwa hukuhuku Rungwe, kwenye chuo kidogo cha ufundi, na aliyeizaa ni binti mmoja aitwaye Atupele. Tegeni masikio.

Atupele alikuwa na mikono myepesi, jamani! Pale chuoni waya ulikuwa wa kugombania. Waliufunga na kuufungua mpaka ukachoka, kwa hiyo kila mwanafunzi alijifunza kuubana, na aliyemaliza kazi kwa waya mfupi ndiye aliyepigiwa makofi. Kwa kubana waya, Atupele hakuwa na mpinzani.

Mwaka huo zahanati ya kijiji iliomba chuo kiifungie taa kwenye chumba cha kujifungulia, maana akina mama walizalishwa kwa mwanga wa simu. Mwalimu Mwaisumo akasema atamchagua mwanafunzi mmoja asimamie kazi hiyo. Atupele aliitaka kwa udi na uvumba. Dada yake, Tumpe, alikuwa mjamzito, na mtoto wake wa kwanza alimpoteza chumba hichohicho, nesi akipapasa gizani. Atupele alijiapiza kwamba huyu wa pili atapokelewa kwenye mwanga, na mwanga huo ataufunga yeye.

Siku ya majaribio kila mmoja alipewa ubao, swichi, balbu, holda ya kuishikia na kipande cha waya. Chuo kile kilikuwa na desturi yake: aliyefunga taa huizima mwenyewe, kisha huifungua balbu kwa mkono wake mbele ya wenzake. "Usimfungie mtu taa ambayo wewe unaogopa kuigusa," Mwalimu Mwaisumo alizoea kusema.

Atupele akamaliza wa kwanza. Akabonyeza, taa ikawaka. Akabonyeza tena, ikazimika. Wenzake vigelegele! Akanyoosha mkono kwenye balbu.

"Mikono nyuma!"

Amri hiyo waliijua wote. Mikono yake ilifika mgongoni kabla hajajua kwa nini. Mwalimu akaja polepole, akampa testa, bisibisi ya kupimia umeme.

"Gusa skrubu za holda kwa hii."

Atupele akagusa. Kitaa kilichomo ndani ya testa kikawaka.

"Lakini mwalimu," akasema, "si taa imezimika?"

"Taa imezimika, mwanangu. Umeme umeondoka?"

Hapo ndipo alipoona. Kwa kubana waya, alikuwa ameiweka swichi kwenye nyutro, waya unaorudisha umeme, kwa kuwa ilikuwa karibu, badala ya kuiweka kwenye waya wa moto, ule unaouleta. Swichi ilikata njia ya kurudia tu. Umeme wenyewe ulibaki pale kwenye holda, kimya, ukimngoja mtu. Akamfikiria nesi mwenye mikono iliyolowa, akibadilisha balbu juu ya kitanda cha Tumpe.

Mwingine angekimbia. Mimi ningekimbia, sisemi uongo. Atupele alizima swichi kuu, akapima, akahakikisha umeme umekatika kweli, kisha akaubomoa ubao wake wote mbele za watu huku machozi yakimtoka. Akaufunga upya. Waya ukamwishia njiani, akaomba wa jirani bila kuona haya.

"Waya wa moto ndio unaopita kwenye swichi," akasema kwa sauti, ili kila mtu asikie. Akawasha, akazima, akapima. Testa haikuwaka. Ndipo akaifungua balbu kwa mkono wake.

"Kazi ya zahanati atasimamia Atupele," mwalimu akasema.

Mwenzake Lusajo, aliyekuwa amefunga sawasawa tangu mwanzo, akaruka. "Mwalimu! Si huyu ndiye aliyekosea?"

"Ndiye. Na baada ya leo, nani humu atapima kila holda bila kukumbushwa?"

Lusajo akaenda kubeba ngazi.

Kule zahanati Atupele alipima kila taa. Wenzake wakichoka, wakimwambia twende bwana, si imezimika, yeye aliwajibu, "Taa kuzimika si umeme kuondoka." Nesi Subilaga wa pale alilipenda neno hilo, akawa analirudia na kucheka.

Usiku mmoja Tumpe akajifungua mtoto wa kike, salama, chumba kikiwa cheupe pee. Kulipokucha akasema maumivu yamekwisha, damu imekoma, naye anakwenda nyumbani. Alikwishajifunga khanga. Nesi Subilaga akamshika bega, na safari hii hakucheka.

"Taa kuzimika si umeme kuondoka, dada. Utakaa hapa nikuangalie."

Tumpe akanuna, lakini akakaa. Kabla ya adhuhuri damu ikamtoka ghafla, nyingi mno, ikamkuta kitandani, nesi yupo na sindano ya kuzuia damu ipo, akapona. Angekuwa njiani kwenye mlima wa kwenda kwake, tungemzika, na mtoto angelelewa kwa maziwa ya ng'ombe.

Tangu hapo neno likatoka kwenye waya likaingia vinywani mwa watu. Homa ya mtoto ikishuka upesi, au waliogombana wakinyamaza ghafla, mtu wa huku hasemi yamekwisha. Atapima kwanza, kwa kuwa anajua: taa kuzimika si umeme kuondoka.