Kibandiko cha Tajiri Shembilu

Tajiri Shembilu aliiba kibandiko cha Bi Mwanate, kifaa cha kupitisha dawa kwenye ngozi kwa visindano vidogo, akakimbilia ofisi ya hataza kudai kuwa yeye ndiye mbunifu. Bi Mwanate alimkuta huko, mbele ya mkaguzi.

"Visindano mbona sivioni?" mkaguzi aliuliza.

"Ni vidogo mno," Shembilu alijibu.

"Vinauma?" Bi Mwanate aliuliza kwa upole.

Shembilu alikigandamiza kifaa shavuni, akafumba macho. "Haviumi, ila navisikia vikiingia vyote. Hata dawa imeshaanza kufanya kazi."

"Pole, baba," Bi Mwanate alisema, akafungua fundo la khanga yake, visindano vikametameta. "Vyenyewe hivi hapa. Ulichoiba ni kifuniko."