Jina la Ngisi wa Mchangamrima

Kaeni, wanangu, na asiyekula ale kwanza, maana hadithi hii inanuka. Inanuka nyangumi aliyekufa siku nne.

Kwetu Mchangamrima, kisiwani Pemba, enzi hizo nilipokuwa mwali, walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Faki Shaame alikuwa mchinjaji. Mkono wake ukiingia ndani ya mnyama ulikuwa unaona. Alifumba macho, akapapasa, akasema, "Hili ini, hii nyongo, leteni beseni." Ng'ombe wa harusi zote, ya kwangu ikiwamo, alipasua yeye.

Bi Mize binti Hamad alikuwa muosha matumbo. Harusi ikiwa na ng'ombe, matumbo ni yake, na sharti lake lilikuwa moja: maji ya kwanza hayamwagwi mpaka yachujwe kwa nguo. Zamani sindano ilitoka kwenye utumbo wa mbuzi ikaingia kwenye pilau ya bwana harusi, na tangu siku hiyo hakuamini maji. Watu walimcheka, wakamwita Bi Matumbo, hata watoto waliozaliwa baadaye hawakujua kama ana jina jingine.

Mwanakombo, msichana wa miaka ishirini tu, alikuwa mchokoaji pweza. Maji yakipwa, huyoo miambani na kijiti chake. Sasa, pweza na ngisi wana mdomo, msidhani hawana. Mweusi, mgumu, umepinda kama wa kasuku, umejificha katikati ya mikono. Mwanakombo ukimpa mdomo tu, mnyama mwenyewe keshaliwa zamani, anakwambia alikuwa wa aina gani na mkubwa kiasi gani.

Basi maji makuu ya bamvua la mwaka ule yakatutupia nyangumi pwani, amekufa, mrefu kuliko msikiti wetu. Siku ya nne akaja mwanamke kutoka Unguja, amevaa mabuti ya mpira, anaitwa Daktari Salha.

"Daktari wa nini?" sheha, mkuu wa kijiji chetu, akamuuliza.

"Wa nyangumi, baba. Nachunguza wanakula nini."

Faki akaangua kicheko. "Umechelewa, mwanangu. Mgonjwa keshakufa!"

Tulicheka sote, na Salha naye akacheka. Lakini sheha hakuwa na mzaha. Harufu ilikuwa imeingia mpaka msikitini. Akasema maji yakijaa alasiri, nyangumi anafungwa kamba, mashua zinamvuta kwenda kutupwa mbali.

Salha akapasua asubuhi nzima. Alipolifikia tumbo, akalifungua, likawa tupu. Akaketi mchangani na mabuti yake, akamwambia mama yangu, "Miaka mitatu, mama. Miaka mitatu nakinga mavi yao baharini kwa wavu. Leo nimempata mzima, hana kitu."

Faki Shaame akamsogelea. "Umefungua tumbo lipi?"

"Tumbo, baba."

"La kwanza hilo. Ng'ombe ana manne, dude hili litakuwa na moja?"

"Vitabuni yapo zaidi. Lakini ameoza, yote yamefumukana, silioni jingine."

Faki akavua shati, akafumba macho, akazamisha mkono mpaka begani. Akapapasa. Akapapasa tena. Tukaona uso wake umekunjamana, lakini mkono hakuutoa, mpaka alipovuta tumbo la pili, limefura kama gunia la karafuu. Ndipo tukaona damu. Ubavu uliovunjika ulikuwa umemchana vidole. Kidonda kile kiliingia sumu, na hospitali wakamkata vidole viwili. Bila mkono wa Faki, tumbo lile lingerudi baharini halijafunguliwa.

Likafunguliwa, tukaona nini? Rojo jeusi, kama uji wa makaa. Salha akachota chupa mbili, akasema zinatosha. Vijana wakanyanyua makarai ya rojo lililobaki wakamwage.

"Mwaga uone!" Ilikuwa sauti ya Bi Mize.

"Bi Matumbo, huyu si ng'ombe wa harusi!"

"Hata akiwa jini. Maji ya kwanza hayamwagwi." Akajifungua kanga yake ya Idi, mpya, haijafuliwa hata mara moja, akaitandaza juu ya ndoo, akaanza kuchuja. Karai baada ya karai. Vijana walikimbia kutapika, yeye akabaki ameinama. Na kwenye kanga ikaanza kulia kra, kra, kra: midomo myeusi, mamia kwa mamia. Salha akapiga magoti, akalia na kucheka pamoja. Kumbe nyangumi yule alikuwa anakula ngisi wa kilindini, wala si jodari wa wavuvi wetu kama walivyokuwa wakimsingizia. Bila kanga ya Bi Mize, chakula chote kingemwagwa.

Ikabaki kuichambua, na maji sasa yalikuwa yanatufikia vifundoni. Salha akapanga midomo mafungu matatu. "Aina tatu, zote nazijua," akasema, na iliyovunjika akaiweka pembeni itupwe.

Mwanakombo akaokota mmoja katika ile ya kutupwa. "Huu si wa hawa."

"Umevunjika tu, mdogo wangu."

"Haukuvunjika. Ndivyo ulivyoumbwa. Tazama hapa unavyopinda, kama ndoana. Mimi huyu simjui, na wewe humjui."

"Mdogo wangu, maji yanajaa."

Kamba zilishafungwa, watu wanapiga kelele, Salha anakusanya chupa zake mbio mbio. Mwanakombo akamfuata mpaka garini, akamshika mtandio, akaufunga ule mdomo kwenye ncha yake, mafundo mawili. "Ukifika, mfungulie anayejua." Bila macho ya Mwanakombo, mdomo ule ungelala mchangani.

Ilipita miaka miwili. Tulishasahau. Siku moja Salha huyo, amerudi, ametuletea halua. Akatueleza kuwa mdomo ule haukufanana na wowote vitabuni. Wataalamu wakatafuta kwa nyavu za kina kirefu mpaka wakampata ngisi mwenyewe, mdogo, mwekundu, hajapata kujulikana. Sasa lazima apewe jina, na wa kumpa jina ni yeye Salha.

"Mwite Salha, yaishe," akasema sheha.

"Kwetu wataalamu si adabu mtu kumpa mnyama jina lake mwenyewe. Nataka nimpe la mtu wa hapa. Lakini ni mtu mmoja. Likishaandikwa halifutwi, sisi wote tutakwisha, lenyewe litakuwapo."

Weee! Barazani kwa sheha hapakukalika.

Faki akainua mkono wa vidole vitatu. "Hivi viwili nimeviacha wapi, sokoni? Kila mtu hapa alitoa jasho. Aliyetoa nyama yake ni nani?"

"Ulitoa tumbo, baba Faki," akasema Mwanakombo. "Ngisi hukumtoa wewe. Ngisi nilimtambua mimi, na daktari mwenyewe alitaka kumtupa. Mngebaki na ndoo ya midomo ya kawaida!"

"Wewe bado mdogo, utapata sifa nyingine."

"Kwani jina linagawiwa kwa umri, kama kiti cha mbele msibani?"

Watu wakacheka. Bi Mize alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya kanga. Mwishowe akasema, "Ninyi mna wenu. Faki ana wajukuu, wawili wanaitwa Faki. Mwanakombo atazaa, inshallah. Kwetu mtu akiondoka, mjukuu huchukua jina lake. Mimi sikuzaa. Langu nani atalichukua? Na hata leo nikiwa hai, nani hapa analijua?"

Kitoto kimoja kikajibu haraka, "Bi Matumbo!"

Baraza zima likaangua kicheko, na yeye akacheka nao, kisha akajifuta macho.

"Lakini jina ni la kazi," akanong'ona Faki, "si la huruma."

"Na kazi nilifanya," akamjibu Bi Mize.

Nikifumba macho nawaona wote watatu, na leo hakuna aliyebaki isipokuwa Mwanakombo, naye yuko Tanga kwa wanawe. Nawasikia bado wanabishana, na kila anayesema namwona ana haki, mpaka asemapo mwenzake.

Salha akatoa karatasi, akaiweka juu ya goti. Kila mmoja wa wale watatu akaitazama kalamu. Alichoandika nakijua, lakini siwaambii, maana mtakimbilia kukubali. Kalamu nawapa ninyi. Kuna mkono uliotoa tumbo, kanga iliyookoa midomo, na macho yaliyoujua mmoja kati ya mamia. Nafasi ni ya jina moja.

Haya, wewe uliyekaa hapo: ungeandika la nani? Na wale wawili wengine ungewatazamaje usoni?