Jani la Arobaini la Mlango wa Sultani

Siku ya Jumatano, mwezi kumi na tisa Shaabani, saa nne na robo asubuhi, katika mji wa Marembe uliokuwa chini ya Sultani Hatimu bin Faraji, binti mmoja mchonga milango aitwaye Raya alikamilisha jani moja la ua, na kwa jani hilo moja nusura mji mzima upoteze sura yake.

Sultani Hatimu alipenda vitu vizuri, na alikuwa amejenga kasri jipya la mawe ya matumbawe na chokaa, lenye nguzo kumi na mbili na kisima katika ua wa ndani, na mlango wake mkubwa aliuagiza kwa fundi Shekue, babake Raya. Kwa miaka arobaini hapakuwa na mlango wa heshima Marembe ambao haukupita mikononi mwa fundi huyo. Lakini macho yake yalikuwa yameingia ukungu, akawa anachonga kwa kupapasa, na kazi yote iliyotaka macho ikamwangukia binti yake. Raya alikuwa na miaka ishirini na miwili, amesoma hesabu na elimu ya nyota kwa masheikh wa mji, na alikuwa mtu wa kupima kila kitu mara tatu, kisha akalala akiwaza kama mara ya pili hakukosea.

Mlango ule ulitoka katika gogo moja la mvule. Chini ulikuwa na samaki waliofuatana, pembeni mnyororo, na juu kabisa, kwenye kizingiti, waridi kubwa la majani arobaini. Majani thelathini na tisa yalikuwa yamechongwa, na la arobaini fundi Shekue aliagiza lisiguswe, libaki limechorwa kwa mkaa tu. Ndivyo alivyofanya katika kila mlango wa mvule: aliacha jani moja, au jicho moja la samaki, au pete moja ya mnyororo. Raya alipomuuliza utotoni alijibiwa, "Acha hapo, mwanangu," naye akaacha, ingawa mapengo yale yalimkera kama mchanga ndani ya jicho.

Asubuhi hiyo fundi Shekue alikuwa amekwenda kwa mhunzi kunoa patasi zake, na Waziri Mahfudhi akaja kukagua kazi. Alilihesabu waridi jani kwa jani kwa ncha ya fimbo yake, waashi wote wakimtazama, na alipofika mwisho akatabasamu.

"Binti fundi," akasema, "hili moja babako amefungua nalo kinywa, au macho yamemwishia kwenye la thelathini na tisa?"

Waashi wakacheka. Raya aliona uso wote unamwaka, na hakumwona babake tena kama fundi mwenye siri yake, alimwona mzee anayechekwa. Akapanda ngazi, akapima mara tatu, akachonga. Na kipande cha mwisho cha mti kilipodondoka sakafuni, mlango ulivuta pumzi.

Kisha sauti ikatoka ndani ya mbao, si kubwa wala si ndogo, sauti ya mtu aliyekaa barazani siku nyingi akingoja kuitwa ndani. Ikauliza, "Imekwisha?"

Raya hakuwa amewahi kusema uongo juu ya kazi. Akajibu, "Imekwisha."

"Basi ni zamu yangu."

Na kikatoka kitu kisichokuwa na kingo. Jicho lilitafuta kilipoanzia na lisipaone, ila hewa ilicheza mahali pale kama inavyocheza juu ya tanuri la chokaa. Kikajitambulisha kwa adabu nyingi, na adabu hiyo ndiyo iliyowatia watu baridi ya mifupa. Kilisema kwamba ni jini, jina lake Dahmari, na kwamba alikaa ndani ya mivule ya nchi ile kabla mji haujawa mji, na kwamba mchongaji wa kwanza aliyekuja na shoka alimwomba ruhusa ya kukata, akamwapia kwa pete ya Nabii Suleimani kwamba siku atakapomaliza kuupa mti umbo, atampa na yeye jini umbo lake. Kiapo hicho kilirithiwa na kila aliyechonga mvule baada yake, na hakuna hata mmoja aliyemaliza.

"Nimengoja miaka mia sita na kumi na moja," akasema Dahmari, "na sikuudhika, maana kila nilipotazama niliona kazi haijakwisha. Leo imekwisha. Nipe umbo langu kabla ya alasiri ya kesho, ewe mchongaji. Nami wakati nangoja nitajaribu haya yaliyopo."

Akaanza kujaribu. Njiwa aliyekuwa juu ya ukuta akayeyuka mabawa na mdomo, akawa donge la kijivu kama unga uliokandwa, nalo donge lilikuwa likipumua. Nguzo tatu za kasri zikapoteza pembe zake na kulegea kama mishumaa. Waziri Mahfudhi akageuka akimbie, na alipofika kwenye ngazi kilemba chake kikamteleza, kwa sababu hapakuwa tena na masikio ya kukizuia, wala pua, wala kinywa, uso ulikuwa laini kama yai, na kutoka ndani ya yai lile ilisikika sauti ya mtu anayelia na mto umemziba.

Fundi Shekue alirudi wakati huo huo, mfuko wa patasi begani, akiuliza watu wanakimbia nini. Hewa ile ikamsogelea na kusimama mbele yake.

"Mikono hii naijua," akasema jini. "Ndiyo iliyoningojesha kuliko yote."

Patasi zikaanguka chini kwa kishindo. Vidole vya mzee vikashikana na kulainika, mpaka kila mkono ukawa kama mwiko wa kupikia. Na jini akamwambia Raya, bila hasira, kwamba alasiri ya kesho asipopewa lake atachukua kilichobaki cha mzee, kisha yeye Raya, kisha mji, nyumba kwa nyumba.

Raya akamkalisha babake kivulini, na kitu cha kwanza alichomuuliza ni kwa nini hakumweleza siri ya pengo.

"Mwanafunzi akijua sababu, mkono humtetemeka palepale penye pengo, na jini huuona mtetemeko," akasema mzee. "Mimi baba yangu alinieleza siku aliyonikabidhi patasi yake. Yako nilikuwa naitia makali leo."

Raya aliokota ile patasi mpya sakafuni, na mpini wake ulikuwa umepimwa kwa kiganja chake.

Wakapelekwa mbele ya Sultani. Raya akakiri yote, jani, kipimo na jibu, hakuacha hata moja, na washauri wengine wakashauri atolewe yeye kwa jini mapema ili mji upone. Sultani Hatimu akanena, "Ewe binti Shekue, aliyefungua ndiye anayejua palipofunguka. Hazina yangu na mafundi wangu ni wako mpaka alasiri ya kesho. Ukishindwa, mimi na wewe hatutakuwa na nyuso za kuonana."

Mchana huo wakatoa katika hazina tausi wa pembe za ndovu, ambaye kila unyoya wake ulichongwa peke yake, na Dahmari akamwingia na kutoka. Akasema umbo la tausi limetokana na kuruka, kula na kutafuta mwenzi, na yeye hafanyi hata moja kati ya hayo, kwa hiyo ndani yake alijiona kama mtu aliyevaa kanzu ya marehemu. Wakamletea picha ya kijana mzuri iliyochorwa juu ya hariri. Akaitazama muda mrefu zaidi, kisha akasema kwamba hilo ni umbo la jicho la aliyechora, na mtu akifumba macho halina pa kukaa. Baada ya hapo wachoraji na wachongaji wakaondoka mmoja mmoja, kila mmoja akidai amesahau chombo nyumbani, na hakurudi aliyeondoka.

Alfajiri ya Alhamisi akabaki Raya uani, pamoja na babake na mtu mmoja mwingine tu, Nasoro mwana wa Sultani, kijana mpole mwenye kigugumizi, aliyekuwa amevua joho lake na anakanda chokaa kwa miguu kwa sababu waashi walikuwa wamekimbia na chokaa ingeganda. Raya alimuuliza kwa nini hakukimbia.

"Ni-ningekimbilia wapi ambako sitapoteza uso?" akasema Nasoro. "Na chokaa hii ni nzuri. Ingekuwa hasara."

Raya nusura acheke. Akaketi kwenye ukingo wa kisima na kuyatazama mawe, kwa kuwa hakuthubutu kutazama penginepo, na juu ya jiwe lenye maji akamwona konokono. Yeye aliyezoea kupima akaanza kuzipima duara za kombe lake kwa ukucha. Kila duara ilikuwa pana kuliko iliyotangulia, kwa kiasi kile kile, bila kosa, mpaka kwenye mdomo wa kombe, na pale mdomoni palikuwa pembamba, laini, pabichi, maana konokono alikuwa bado anaongeza. Kando yake palikuwa na kombe jingine, tupu, mdomo wake mgumu na mnene. Lile lilikuwa limekwisha. Lile lilikuwa limekufa.

Raya akasimama ghafla, akamwomba Nasoro alete chokaa yote.

Katika ukuta uliokuwa mkabala wa mlango wakavunja jiwe moja na kufungua kidaka, kama vile vidaka vinavyowekwa vyombo katika kuta za nyumba, na Raya akakipaka chokaa mbichi na kukichonga kwa duara moja iliyozunguka ikitanuka, kutoka nukta ndogo ndani kabisa hadi ukingoni. Alichonga asubuhi nzima na adhuhuri nzima. Nyuma yake babake alikuwa amekaa akisikiliza mkwaruzo wa patasi, na kila saa sauti yake ilizidi kuwa nzito, kwa sababu ulaini ulikuwa umeshampanda viwiko na mabega na sasa ulikuwa shingoni. Mara ya mwisho alipozungumza alisema tu, "Unaharakisha. Pima."

Raya akapima.

Mwadhini alipoadhini alasiri, hewa ikacheza mbele ya kidaka.

"Hapa hamna kitu," akasema Dahmari. "Hapa ni tupu."

"Wewe huna mwili, Maulana," akasema Raya. "Nikikupa mwili nitakuwa nimekuvika wa mwingine. Nyumba haina umbo kwa kuta zake. Umbo lake ni ule utupu ambao mtu anaingia akakaa. Ingia uone kama pametosha."

Hewa ikaingia. Ikazunguka pamoja na duara mpaka ndani, na chokaa ikatoa mlio mwembamba, na kwa mara ya kwanza jicho likaona jini anapoanzia na anapoishia. Pametosha. Uani njiwa akapiga mabawa. Kwenye ngazi Waziri akasikika akipiga chafya kwa pua yake mwenyewe. Raya hakugeuka kumtazama babake, kwa kuwa alijua swali bado linakuja.

Likaja. "Imekwisha?"

Nasoro alifumba macho. Raya akafikiri juu ya mafundi wote walioacha pengo kana kwamba bado, huku wakijua hawatarudi, na juu ya jibu lake la jana.

"Unataka umbo la kilicho hai au la kilichokufa?"

"La kilicho hai."

"Basi haijakwisha, wala haitakwisha. Kombe la konokono hai huongezwa kila siku mdomoni, na siku likiacha kuongezwa ni kaburi. Nitakuja kesho asubuhi niongeze mstari mmoja, na kesho kutwa mwingine, na nikifa atakuja niliyemfundisha. Yeye nitamweleza sababu."

Chokaa ikaanza kukauka ukingoni.

"Waliokutangulia kunijia waliniambia bado kwa mapengo yao," akasema jini, "na hakuna aliyerudi na patasi."

"Mimi nitarudi."

"Usiporudi?"

"Usiporudiwa, wajua nilipo," akasema Raya.

Ndipo akageuka. Babake alikuwa ameinua mikono yake na anaihesabu vidole kwa mdomo, kama mama anavyohesabu vya mtoto mchanga, na vyote kumi vilikuwepo, ila kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kilibaki laini, hakina ukucha, na hivyo kikabaki mpaka kufa kwake.

Sultani Hatimu akaamuru ngoma zipigwe, akampa fundi Shekue nyumba ya ghorofa karibu na msikiti, na Raya mashamba mawili ya minazi na sanduku la dhahabu. Kisha akanena mbele ya watu wote kwamba amemwona mwanawe akikanda chokaa siku ambayo wanaume walikimbia, na akamposa Raya kwa ajili yake. Raya akaomba aulizwe Nasoro mwenyewe, na Nasoro akaulizwa, na kigugumizi kikamshika mpaka watu wakacheka, naye Raya akasema kwamba jibu hilo linamtosha. Ndoa ikapangwa Ijumaa ile ile. Waziri Mahfudhi alileta zawadi nzuri kuliko wote, na akawa haoni tena pengo katika kazi ya mtu akalisemea.

Hekaya hii inamfundisha mwenye kusikia kwamba vitu vyote vyenye uhai, na vyote vinavyotengenezwa kwa ajili ya walio hai, vimeachwa wazi mahali fulani, na anayepaziba kwa kuogopa kuchekwa huwa hajui amezuia nini au amefungulia nini.

Na kesho yake asubuhi, Ijumaa, hina ikiwa bado haijakauka vizuri mikononi mwake na wanawake wa harusi wakimtafuta nyumba nzima, Raya alikwenda peke yake kwenye ukuta wa kasri na patasi mpya. Akapima mara tatu. Akachonga mstari mmoja, akachora wa pili kwa mkaa, na kuuacha.

"Imekwisha?" ikauliza sauti kutoka ndani.

"Bado," akasema Raya, na mkono wake ulitetemeka, wala hakuuficha.

"Kesho?"

"Kesho," akasema, akapuliza vumbi la chokaa kutoka kidakani, akaenda kuolewa.